Alalapo Mfanyakazi wa Mbali

Mwezi wa Februari 2021 kampuni ya muziki ya Spotify, iliyozaliwa Stockholm mwaka 2006 na ambayo hata leo makao yake makuu yamo mjini humo, iliwatangazia wafanyakazi wake kwamba kila mmoja angeweza, kwa kupatana na mkuu wake, kuchagua kufanya kazi ofisini au nyumbani, na hata kuchagua mji na nchi ya kufanyia kazi hiyo, maadamu sheria na saa za kazi haziharibiki. Makampuni mengine yalikwisha kutoa au yakafuata kutoa ruhusa za namna hiyo, nyingine pana na nyingine finyu, na kwa njia hiyo jambo ambalo zamani lilikuwa fahari ya waandishi, wachoraji na matajiri likaanza kuulizwa na karani wa hesabu na fundi wa programu: ya nini kukaa mahali pamoja mwaka mzima, ilhali kazi yote yaingia katika mkoba wa kompyuta mpakato?

Miongoni mwa wenye kuuliza swali hilo wamo watu wa Afrika Mashariki waliofanya maskani Stockholm, na sababu zao ni dhahiri. Mji huo, uliojengwa juu ya visiwa 14 pale Ziwa Mälaren linapomimina maji yake katika Bahari ya Baltiki, una majira ya joto ya kupendeza, ambamo jua huchomoza saa tisa na nusu za usiku na kuchwa saa nne za usiku. Lakini ifikapo Disemba hesabu hugeuka, jua likachelewa hadi karibu na saa tatu za asubuhi, na kabla ya kutimu saa tisa za alasiri likawa limekwisha kuzama, hata mtu aendaye kazini na kurudi aweza kupitisha majuma mazima asilione ila kwa dirisha la ofisi. Aliyefunga Ramadhani mjini humo mwezi wa Juni 2016, akifuturu saa nne za usiku na kula daku kabla tumbo halijatulia, hana haja ya kuelezwa kwa nini baadhi ya jamaa walianza kupanga safari zao kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Na wapo wenye wazazi wazee Tanga, Lamu au Unguja, ambao kuwaona katika kioo cha simu kila Jumapili hakuwatoshi tena. Saa nazo hazileti udhia: Afrika Mashariki imeitangulia Stockholm kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa joto, basi mkutano wa saa tatu asubuhi huko huwa wa saa tano Unguja, na mwenye kuamka mapema humaliza theluthi ya kazi yake kabla wenzake hawajanywa kahawa ya kwanza.

Hivyo hupatikana wale ambao wangependa kukaa Stockholm tangu Aprili hadi Novemba, na miezi ya kaskazi wakawa pwani. Watu wa pwani hawakufunzwa mwenendo huo na intaneti. Wafanyabiashara wa majahazi kutoka Oman na Ghuba walishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na wengi wao walikuwa na maisha pande zote mbili za bahari. Lakini watu hao hawakuwa watangatangaji, kwa sababu kila upande walikuwa na nyumba, wakala, na mtu wa kuwadhamini, na nahodha asiyekuwa na mdhamini bandarini hakupata hata shehena ya boriti. Rai yangu ni kwamba leo jambo liko vilevile, na kwamba mpango wa kuhamahama hauanzi kwa kuchagua mahali pa kwenda, bali kwa kuimarisha mahali pa kutoka. Vijana wengi huanza kinyume: hutazama picha za fukwe na bei za ndege kwanza, na mambo ya nyumba, kodi na kibali huyaacha yajipange yenyewe.

Uswidi haimwulizi mkazi wake anafanyia wapi kazi kabla ya kumwuliza analala wapi. Sheria yake ya mwaka 1991 ya kuandikisha wakazi yataka mtu aandikwe pale anapopitishia mapumziko yake ya usiku kwa desturi, na kipimo chake cha chini ni mara moja kwa juma. Daftari hilo kwa karne nyingi lilishikwa na makasisi wa Kanisa la Uswidi, wakiandika wazaliwao, waoanao na wafao katika kila mtaa, hata tarehe 1 Julai 1991 likaondoka kanisani na kuingia katika mamlaka ya kodi, ambayo leo huitwa Skatteverket. Na sioni ajabu kwamba mwenye kutoza ndiye aliyependelewa kujua watu walalapo. Mtu aliyemo daftarini hujulikana kwa namba yake, iliyotungwa kutokana na tarehe ya kuzaliwa kwa utaratibu ulioanza mwaka 1947, na juu ya namba hiyo mabenki yakajenga mwaka 2003 kitambulisho cha kielektroniki kiitwacho BankID, ambacho bila yake mtu hapati kutia sahihi mkataba wa umeme, kusoma majibu ya daktari, wala kumlipa jirani kwa simu, isipokuwa kwa taabu kubwa. Anayekusudia kukaa nje ya nchi mwaka mmoja au zaidi hulazimika kutoa taarifa na kufutwa katika orodha ya wakazi. Namba hubaki kuwa yake, lakini haki zinazofuatana na makazi humtoka. Kwa sababu hiyo mpango wa miezi minne nje na minane ndani ni kitu kimoja, na mpango wa miezi kumi na minne nje ni kitu kingine kabisa, hata kama kazi, mshahara na kompyuta ni zilezile.

Ipo na dalili ndogo ya makazi ambayo mgeni huidharau. Katika majumba ya zamani ya ghorofa ya Stockholm kila mlango una mwanya wa kupenyezea barua, na juu ya mwanya huo kipande cha bati au karatasi chenye jina la mwenye kukaa. Katika majumba mapya majina hayo yako katika visanduku vilivyopangwa chini penye ngazi. Mleta barua hupita akisoma majina, na barua ambayo jina lake halipo hurudi ilikotoka. Mwenye kumpangisha mtu mwingine nyumba yake kwa miezi ya baridi, akabandua jina lake ili kumpisha mpangaji, amejiondoa njiani mwa benki, mahakama na hospitali kwa wakati mmoja. Majina mawili yakae mlangoni, na mpangaji aelezwe kwamba bahasha ya kahawia haiwekwi juu ya friji mpaka Aprili. Ni kweli kwamba barua nyingi za serikali sasa zaweza kupokewa kwa sanduku la kidijitali, na mwenye busara hujiandikisha huko kabla ya kusafiri. Lakini nchi hiyo, ambayo fedha taslimu karibu imezisahau, bado ina barua zinazotegemea kibandiko cha jina.

Nyumba yenyewe ndiyo mali ngumu kuliko zote. Foleni ya Bostadsförmedlingen, wakala wa manispaa wa kugawa nyumba za kupanga, ilianza mwaka 1947, na leo ina watu zaidi ya laki saba. Mtu huruhusiwa kujiandikisha akitimiza miaka 18, na kwa wastani huhitaji miaka ipatayo tisa kabla hajapata mkataba wake mwenyewe, michache zaidi pembezoni na mingi zaidi katikati ya mji. Ada yake ya mwaka ni ndogo, lakini asiyeilipa hupoteza nafasi yake na miaka yake yote ya kungoja, na msafiri aliyebadili kadi ya benki akiwa Nungwi aweza kugundua hasara hiyo miezi mingi baadaye. Aliye na mkataba hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine nyumba nzima bila idhini ya mwenye nyumba. Akifanya hivyo kwa siri aweza kuupoteza mkataba. Sheria haimnyimi nafasi: kukaa nje ya nchi kwa muda mrefu, kazi ya muda mahali pengine, na mambo mazito ya familia ni miongoni mwa sababu zinazokubalika, na mwenye nyumba akikataa, mpangaji huweza kupeleka ombi lake Hyresnämnden, baraza la mashauri ya kodi za nyumba. Wala asitumainie faida. Tangu Oktoba 2019 mpangaji hana ruhusa ya kutoza zaidi ya kodi anayolipa mwenyewe, isipokuwa nyongeza isiyozidi asilimia 15 kwa ajili ya fanicha, na gharama za umeme au intaneti kama zimo. Kutoza kupita kiasi hicho kwaweza kuwa kosa la jinai. Nimesikia watu wakipiga hesabu za kuishi Paje kwa kodi ya nyumba ya Södermalm, Stockholm. Hesabu hiyo si halali.

Sasa pasipoti. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya aweza kuhama kutoka Stockholm kwenda Lisbon akafanya kazi huko kwa haki yake mwenyewe. Mwenye kibali cha kukaa Uswidi ambaye bado ni raia wa Kenya au Tanzania hana haki hiyo: kibali chake humruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika kila siku 180, na kuzuru si kufanya kazi. Estonia, ambayo meli ya usiku kutoka Stockholm huifikia asubuhi, ilianza mwaka 2020 kutoa viza maalumu kwa wafanyakazi wa mbali, na nchi nyingi zikaifuata. Uswidi yenyewe haina viza ya namna hiyo. Kibali cha kudumu nacho chaweza kufutwa kwa mtu aliyehama, ingawa aliyeitaarifu Migrationsverket, mamlaka ya uhamiaji, mapema huweza kuruhusiwa kukibakiza hadi miaka miwili. Na anayengojea uraia ajue kwamba akikaa nje zaidi ya majuma sita katika mwaka, muda huo huondolewa katika hesabu ya miaka yake ya ukaazi. Kwa mtu wa namna hiyo kuhamahama ni ghali hata kama hakulipa nauli.

Akiisha kupata uraia, hujitokeza fumbo la pili, ambalo Mkenya na Mtanzania hulitatua kwa njia mbili. Uswidi iliruhusu uraia wa nchi mbili tangu tarehe 1 Julai 2001, na Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010. Mkenya mwenye pasipoti mbili huingia Mombasa kama mtu aingiaye kwao. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa pili, basi mzaliwa wa Pemba aliyechukua pasipoti ya Uswidi hurudi kwao kisheria kama mgeni, na viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Kenya ilitangaza mwezi wa Oktoba 2024 kibali cha daraja N kwa wafanyakazi wa mbali wenye ajira nje ya nchi, na kwa hakika nasikitika kuona Mswidi asiye na jamaa hata mmoja Afrika akipata Nairobi kile ambacho mwana wa Chake Chake hutafuta kwa mashaka nyumbani kwa babu yake.

Kodi ndiyo mlango ambapo wengi hujikwaa, na hapa msomaji na anivumilie kwa tarakimu. Uswidi ilipatana na Kenya mwaka 1973 na Tanzania mwaka 1976 juu ya kutotoza kodi mara mbili. Kwa mapatano ya aina hii, mshahara wa mtu mwenye makazi Uswidi, anayelipwa na mwajiri wa Uswidi asiye na tawi katika nchi ya pili, hubaki kutozwa Uswidi peke yake ikiwa hakukaa katika nchi hiyo ya pili zaidi ya siku 183. Watu hushika namba hiyo moja, wakadhani wana nusu mwaka ya uhuru. Lakini sheria za kodi za Tanzania na Kenya zina kipimo kingine: aliyekuwapo nchini mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka, huhesabiwa kuwa mkazi wa kodi hata kama hakufikia 183 mwaka wowote. Basi mwenye kuwa Unguja kila mwaka katika miezi ya Januari, Februari, Machi na Disemba ana siku 31, 28, 31 na 31, yaani 121 kwa mwaka wa kawaida na 122 kwa mwaka mrefu, naye yuko salama kwa upana wa unywele. Lakini akiongeza juma moja la arusi ya binamu mwezi wa Agosti, miaka mitatu mfululizo, amevuka. Kenya imeongeza sharti jingine: mwenye nyumba ya kudumu nchini humo, akiwapo hata kwa muda mfupi katika mwaka, ni mkazi. Yule aliyejijengea nyumba Kilifi kwa akiba ya Stockholm kwa ajili ya miezi hii ya kaskazi amejipa, pamoja na paa na veranda, ukaazi wa kodi. Hapo nchi mbili zitadai, kila moja, kuwa ni mkazi wake, na mapatano ndiyo yatakayoamua, kwa kuangalia nyumba yake na mafungamano yake ya maisha viko zaidi upande gani.

Upande wa Uswidi nako kamba haikatiki upesi. Aliyehama kabisa bado aweza kutozwa kama mkazi ikiwa amebakiza mafungamano ya maana, kama nyumba ya kukaa, familia au biashara. Na kama ni raia wa Uswidi, au aliwahi kukaa nchini miaka kumi au zaidi, basi kwa miaka mitano baada ya kuondoka ni juu yake kuthibitisha kwamba mafungamano hayo hayapo. Kwa hiyo daftari dogo la siku, lenye tarehe za kuingia na kutoka na vipande vya tiketi, lina thamani kuliko ushauri wa rafiki aliyesafiri mwaka jana.

Mwajiri naye ana hofu zake, na mara nyingi ni za haki. Mfanyakazi anayekaa muda mrefu na kufunga mikataba kutoka chumba kimoja cha Nyali aweza kuifanya kampuni ionekane ina tawi Kenya, na tawi hulipa kodi. Majalada ya wateja, chini ya sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika mwaka 2018, hayafunguliwi popote mtu apendapo, na makampuni mengi huzuia kabisa kuyafungua nje ya Ulaya. Bima ya jamii pia ina mipaka yake: kwa kazi ya muda katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, Försäkringskassan hutoa cheti kiitwacho A1, lakini cheti hicho hakina nguvu Dar es Salaam. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa na mkuu mwema katika mapumziko ya kahawa haitoshi, kwa sababu wakuu huondoka. Iandikwe, nayo itaje nchi, tarehe, na mambo yaliyokatazwa.

Na huko aendako, mtu asichague nyumba kwa kutazama bahari; atazame nguzo ya umeme. Unguja hupata umeme wake kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara, na waya huo ulipoharibika mwezi wa Disemba 2009 kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, miezi ile ile ambayo msafiri wetu angekuwapo. Waya mpya ulioanza kutumika mwaka 2013 umepunguza hatari hiyo, lakini nyumba isiyo na betri au jenereta haifai kwa mtu mwenye mkutano wa saa tano. Intaneti nayo hufika kwa nyaya za baharini: SEACOM ilifika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na zilipokatika pamoja mwezi wa Mei 2024 karibu na pwani ya Afrika Kusini, Tanzania nzima ilihisi. Mwezi wa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa amri. Anayetumia VPN ya kampuni ajue pia kwamba mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba huduma hizo sharti zisajiliwe. Mgeni wa kigeni aingiaye Zanzibar hulipa bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Na ipo tahadhari ambayo wenyeji waliorudi huikataa kwa kiburi: mtu aliyekaa Ulaya miaka mingi kinga yake dhidi ya malaria hupungua sana, akaugua kama mgeni, na mara nyingine vibaya zaidi kwa sababu hakunywa dawa ya kinga akidhani yuko kwao.

Wenye watoto nitawaambia machache, kwa kuwa sheria yenyewe haiachi mengi. Elimu ni lazima Uswidi tangu mwaka ambao mtoto hutimiza miaka sita, kumfundisha nyumbani karibu kumekatazwa tangu mwaka 2011, na ruhusa ndefu ya kukosa masomo hutolewa kwa sababu za pekee tu. Posho ya mtoto nayo hukoma akikaa nje zaidi ya miezi sita. Mwenye watoto wa shule ahamie likizo zao, au angoje.

Naona wasio na watoto, wenye mkataba wa kudumu wa kazi, wenye nyumba yao wenyewe na pasipoti isiyowafunga, ndio watakaofaidika na mwenendo huu, na idadi yao ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha. Wengine waanze kwa jaribio: sheria ya likizo ya Uswidi humpa mfanyakazi siku 25 kwa mwaka, na mtu aliyeunganisha majuma mawili ya likizo na majuma manne ya kazi kutoka Tanga atajua, kabla ya kuvunja chochote, kama kazi yake inastahimili joto na kelele. Nawe unayekusudia kuwa pwani Disemba ijayo, barua ya kwanza ni ya mwenye nyumba, nayo iandikwe mwezi wa Agosti, kabla hujatazama bei ya ndege.